Wahamiaji wa Chicago karne ya 19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wetu tukisikia wahamiaji wa Marekani wa zamani tunawaza New York na ile sanamu yake. Hapa tunaongelea Chicago, mji uliotoka kwenye matope mpaka watu milioni moja na zaidi ndani ya umri wa mtu mmoja, na waliofanya hiyo kazi kwa sehemu kubwa ni watu waliotoka ng'ambo na mabegi ya nguo tu. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, inategemea swali lenyewe lina mambo kiasi gani.

Ilikua haraka kiasi gani kwani?

Mwaka 1837 inapewa hadhi ya jiji ilikuwa na watu elfu nne na kitu. 1850 wako kama 30,000, 1870 karibu 300,000, 1880 laki tano, 1890 wamevuka milioni moja, alafu 1900 wako karibu milioni 1.7. Sensa ya 1890 inaonyesha karibu watu 4 kati ya 10 walizaliwa nje ya Marekani, na ukijumlisha na watoto wao waliozaliwa palepale unafika karibu 8 kati ya 10. Kwahiyo mtu akisema wahamiaji "walikuja Chicago" mimi naona kama anawapunja, maana kabla yao hapakuwa na mji wa kusema wameukuta.

Kwanini watu wakimbilie hapo na sio pengine?

Jiografia kwanza. Ziwa Michigan liko hapo, na ukichimba mfereji kutoka mto wa Chicago kwenda mto Illinois unakuwa umeunganisha maziwa makuu na mto Mississippi, yaani boti inatoka upande wa New York inaweza kwenda mpaka New Orleans. Huo mfereji ulianza kuchimbwa 1836 ukaisha 1848, kama kilomita 155, na waliochimba kwa majembe na mikokoteni wengi wao ni Waairishi. Kuna kipindi hela ya mradi ilikata kabisa wakawa wanalipwa vikaratasi vya ahadi, na wengine vile vikaratasi ndo walivyotumia kupata vipande vya ardhi. Walikaa pale kwenye mwanzo wa mfereji, mtaa ukaitwa Bridgeport, na mpaka leo jina ni hilohilo.

Mwaka huohuo 1848 reli ya kwanza ikaanza, na baada ya hapo reli zikawa zinaingia kutoka kila upande. Ngano, mbao, nguruwe, ng'ombe, vyote vinapitia Chicago. Penye mzigo pana kibarua, na habari ya kibarua inasafiri haraka kuliko barua.

Walitoka wapi hasa?

Ilikuwa kwa mawimbi. Waairishi walikuja na njaa ya viazi ya 1845 mpaka 1852, ile iliyoua kama watu milioni moja na kufukuza wengine zaidi ya milioni. Wajerumani walikuja kwa muda mrefu na kwa wingi kuliko wote, mpaka mwaka 1900 karibu mtu mmoja kati ya wanne Chicago ama alizaliwa Ujerumani ama mzazi wake mmoja alizaliwa huko. Waswidi waliongezeka baada ya mavuno kufeli kwao 1867 hadi 1869. Wacheki walijaa upande wa kusini magharibi wakaupa mtaa wao jina la Pilsen, mji wa kwao.

Wapolandi hadithi yao inahitaji nafasi kidogo. Poland wakati huo haikuwepo kwenye ramani, ilikuwa imegawanywa na Prussia (dola ya Kijerumani), Urusi na Austria tangu 1795. Upande wa Prussia miaka ya 1870 serikali ilikuwa inalibana kanisa Katoliki na kuibana lugha ya Kipolandi shuleni, ardhi nayo haitoshi kugawia watoto wote. Kwahiyo mtu anaondoka kwao anaandikwa "Mprusi" au "Mrusi" kwenye orodha ya meli wakati moyoni yeye ni Mpolandi, na wengi Upolandi wao waliukuza wakiwa Chicago kuliko walivyoweza kuuonyesha kijijini. Wayahudi wa Urusi wakaja baada ya mashambulizi dhidi yao yaliyoanza 1881, Waitaliano wa kusini na Walithuania wakaja zaidi mwishoni mwa karne.

Safari ilikuwaje?

Enzi za meli za matanga ilikuwa wiki tano, sita, au zaidi upepo ukigoma. Mwaka 1847 peke yake Waairishi zaidi ya 5,000 walizikwa Grosse Île huko Canada, kituo cha karantini, walifika wakiwa na homa ya chawa na hawakutoka. Meli za mvuke zilipochukua nafasi, miaka ya 1870 na 1880, safari ikashuka mpaka wiki mbili au chini ya hapo na vifo vikapungua sana, ila daraja la chini liliendelea kuwa daraja la chini: vitanda vya mbao vimepangana, hewa nzito, matapishi, chakula cha kupakuliwa kwenye ndoo.

Ukifika New York safari haijaisha. Unapandishwa treni ya wahamiaji, mabenchi ya mbao, inapisha kila treni nyingine njiani, mpaka Chicago.

Ni kweli maofisa wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina?

Hapana, japo hii imeenea sana. Ellis Island ni kile kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Karani alikuwa na orodha iliyoandikwa kule meli ilikoanzia na kazi yake ilikuwa kuhakiki, na pale walikuwepo wakalimani. Majina mengi yalibadilika baadaye, kwa mwajiri, shuleni, au mwenyewe kaamua. Alafu kumbuka Ellis Island imefunguliwa Januari 1, 1892, wa kwanza kuandikishwa akiwa Annie Moore, binti wa Kiairishi wa miaka 17. Waliokuja kabla ya hapo, kuanzia 1855, wengi walipitia Castle Garden, kituo cha zamani hukohuko New York.

Mtu akishuka stesheni hajui Kiingereza anaanzia wapi?

Anaanzia kwa mtu wa kwao. Hiki ndo kitu cha kukielewa kuliko vyote kwenye maisha ya wahamiaji, karibu hakuna aliyekwenda "Marekani" kwa ujumla, mtu alikwenda kwa kaka yake, kwa shemeji, kwa jirani wa kijijini aliyetangulia miaka mitatu na ana kitanda cha kukodisha. Wengi hata tiketi ilikuwa imelipiwa kule kule Chicago na ndugu, ikatumwa kwa posta. Huyo mwenyeji anamlaza, kesho yake alfajiri anakwenda naye getini kazini, anamwonyesha nyapara, anamwombea. Ndo maana unakuta idara nzima ya kiwanda ni watu wa wilaya moja.

Asiye na mtu hali ilikuwa mbaya. Stesheni walijaa matapeli wa kujifanya wa kwenu, anaongea lugha yako, anakubebea mzigo, anakupeleka nyumba ya kulala wageni ukiamka hela hamna. Kwa Waitaliano kulikuwa na madalali wa vibarua, mtu anawakusanya, anawapeleka kujenga reli, anakata chake kwenye mshahara, anawauzia mkate kwa bei yake. Sheria ya 1885 ilikataza kuleta vibarua kutoka nje kwa mkataba wa awali, madalali wakahamia kuwasubiri wakishafika.

Kazi ya machinjioni ilikuwaje? Kila mtu anaitaja

Machinjio makubwa ya Union Stock Yard yalifunguliwa Krismasi ya 1865, kusini mwa mji kwenye ardhi ya kinamasi, na walioyajenga ni makampuni tisa ya reli. Gustavus Swift na wenzake walipofanikisha mabehewa yenye barafu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, hakukuwa tena na haja ya kusafirisha ng'ombe mzima mpaka New York, unachinja Chicago unatuma nyama. Kufikia 1900 watu kama 25,000 walikuwa wanafanya kazi pale.

Sasa angalia nguruwe mmoja anavyokwenda. Anafungwa mnyororo mguu wa nyuma, gurudumu kubwa linamnyanyua, anaingia kwenye reli ya juu kichwa chini. Wa kwanza anamchoma koo. Anasogea, damu inashuka. Anatumbukizwa kwenye pipa kubwa la maji ya moto, anatoka anakwanguliwa manyoya, anarudishwa juu. Hapo sasa wanaume wamejipanga mstari kila mmoja na kisu chake na kitendo chake kimoja, huyu anakata kichwa nusu, mwenzake anamalizia, huyu anafungua tumbo, huyu anatoa utumbo, huyu anapasua, na mnyama hasimami, mstari ndo unaamua kasi yako. Ng'ombe yeye anaanzia kwenye kizimba, mtu amesimama juu na nyundo kubwa anampiga paji la uso. Zamani bucha mmoja alijua mnyama mzima. Hapa mtu angeweza kukaa mwaka mzima hajui zaidi ya kukata kwato.

Na hiyo ndo ilikuwa faida ya bosi. Kazi iliyokatwa vipande hivyo inafundishika kwa kijana wa shamba asiyejua hata neno moja la Kiingereza, na kwasababu inafundishika kesho anaweza kuwekwa mwingine. Wachache tu ndo walikuwa na thamani, kama yule wa kupasua uti wa mgongo, akikosea anaharibu nyama ya bei, kwahiyo alilipwa karibu mara tatu ya kibarua wa kawaida.

Sakafu ilikuwa inateleza damu, vyumba vya baridi vinagandisha miguu, vyumba vya chumvi vinachimba vidole, na upande wa mbolea vumbi lake halitoki mwilini hata ukioga. Visu vilikata watu kila siku. Kidole kikiondoka hakuna fidia ya maana, unarudi nyumbani.

Mshahara ulitosha?

Kibarua wa kawaida miaka ya 1880 alikuwa anapata kama dola moja na nusu kwa siku, siku yenyewe saa kumi au zaidi, siku sita kwa wiki. Kwa karatasi inaonekana sio mbaya ukilinganisha na kijijini kwao. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeahidiwa siku sita. Pale machinjioni watu walikusanyika getini kabla hakujakucha, nyapara anatoka anachagua kwa kidole, wewe, wewe, na wewe, wengine nendeni. Hata ukichaguliwa unalipwa kwa saa ulizochinja tu, treni ya ng'ombe ikichelewa mnasubiri bila malipo, na ikija saa tisa mnachinja mpaka usiku. Miezi ambayo mifugo inapungua nusu ya watu wako mitaani. Kwenye ujenzi ndo usiseme, baridi ya Chicago inasimamisha kila kitu.

Kwahiyo mshahara wa baba peke yake familia nyingi haikuishi nao. Waliishi na mshahara wa baba, wa watoto, kodi ya wapangaji, na kazi za mama, vikijumlishwa.

Wanawake walifanya nini? Na watoto?

Mama mwenye nyumba ndo alikuwa anashikilia uchumi wa mtaa, na naandika hivi nikimaanisha kabisa. Chukua nyumba ya vyumba vinne, ndani yuko baba, mama, watoto wanne, na wapangaji wanne au watano vijana wa kijijini kwao. Mama anaamka saa kumi usiku kuwasha jiko, anapika kwa wote, anafua nguo zenye damu za watu watano kwa maji ya kubeba, anakumbuka nani amelipa wiki hii na nani anadaiwa hela ya nyama tu. Kwenye nyumba nyingine waliokuwa zamu ya usiku walilala kwenye kitanda ambacho wa zamu ya mchana wametoka kuamka. Karani wa sensa akija anaandika mama "anakaa nyumbani".

Mabinti wa Kiairishi na Kiswidi walienda sana kazi za ndani kwenye nyumba za matajiri, hela kidogo ila unalala na kula hukohuko kwahiyo karibu yote inatumwa kwao. Wengine walishona. Kushona kulikuwa kwa aina yake, makampuni yanakata vitambaa alafu wanapewa madalali wanaogawa kwenye vyumba vya watu, mnalipwa kwa kipande, chumba ndo karakana ndo jiko ndo pa kulala. Mwaka 1894 ndui ilipoingia Chicago, mkaguzi wa viwanda Florence Kelley alikuta makoti yanashonwa kwenye nyumba zenye wagonjwa wa ndui.

Watoto walifanya kazi, ndiyo. Sheria ya Illinois ya 1893 ilipiga marufuku walio chini ya miaka 14 viwandani na ikaweka saa nane kwa wanawake, lakini hiyo sehemu ya saa nane mahakama kuu ya jimbo iliifuta 1895. Na wazazi wengine walidanganya umri wa mtoto, tusiwahukumu haraka, kodi inadaiwa.

Waliishi kwenye maghorofa kama ya New York?

Mara nyingi hapana. Chicago ilikuwa na nafasi, nyumba zilikuwa za mbao, ghorofa moja au mbili, kwenye viwanja vyembamba vya futi 25 kwa 125. Sasa kile kiwanja ndo kinakuambia hadithi. Familia inanunua kwa mkopo, inajenga kibanda cha mbao. Wakipata hela kibanda kinasogezwa nyuma ya kiwanja, kizimakizima, mbele inajengwa nyumba bora, kile cha nyuma kinapangishwa kwa masikini zaidi. Katikati ya nyumba mbili kuna choo cha shimo, kuku, labda ng'ombe. Wa nyuma dirisha lake linatazama choo na uchochoro wa takataka.

Kumiliki nyumba kwao lilikuwa jambo la kufa na kupona, hasa Wapolandi na Wacheki, walikuwa na vyama vyao vya kuweka na kukopa na walijinyima kula ili walipe. Mtu aliyetoka sehemu ambayo ardhi ni ya bwana mkubwa hawezi kuelewa kupanga nyumba ya mtu maisha yote.

Ng'ombe wa mama O'Leary kweli ndo aliunguza mji?

Hakuna aliyethibitisha hilo hata siku moja. Moto ulianza usiku wa Oktoba 8, 1871 kwenye banda la Catherine O'Leary mtaa wa DeKoven, hilo linakubalika. Ukaisha tarehe 10, watu kama 300 wamekufa, 100,000 hawana pa kulala. Kulikuwa na ukame, upepo mkali, na mji mzima ni mbao mpaka njia za waenda kwa miguu. Lakini magazeti yalitaka mtu wa kumtupia lawama, na mama wa Kiairishi, masikini, Mkatoliki, muuza maziwa, alifaa kabisa. Mama huyu aliishi na hilo jina mpaka anakufa. Baraza la jiji lilimsafisha rasmi 1997. Miaka 126!

Kitu ambacho hakisemwi sana ni kilichofuata. Viongozi wa jiji walitaka kupiga marufuku nyumba za mbao mji mzima. Ni wazo la busara, ila tofali lilikuwa ghali, na Wajerumani wa upande wa kaskazini waliokuwa wameunguliwa wangepoteza viwanja vyao maana hawawezi kujenga upya. Januari 1872 waliandamana mpaka ofisi za jiji, na sheria ikalegezwa. Waliobaki na uwezo wa mbao tu wakazidi kusogea pembezoni ambako katazo halifiki, na mji ukatanuka nao.

Maji na vyoo?

Mji ulitupa uchafu wake mtoni, mto unaingia ziwani, na maji ya kunywa yanatoka ziwani. Kipindupindu cha 1854 kiliua zaidi ya watu 1,400. Wakachimba handaki la maili mbili chini ya ziwa, likakamilika 1867, ili wavute maji ya mbali kidogo. Mji ukakua, uchafu ukafika na hapo. Mwaka 1891 homa ya matumbo iliua karibu watu 2,000. Mwishowe wakachimba mfereji mkubwa wakaugeuza mto wenyewe uanze kutiririka kinyume, kutoka ziwani kwenda bara, mwanzoni mwa 1900. Kihandisi ni ajabu, ila walioko huko mto unakoelekea hawakufurahia kupelekewa uchafu huo.

Nyuma ya machinjio kulikuwa na tawi la mto lililojaa damu na utumbo mpaka likawa linatoa mapovu, watu wakaliita Bubbly Creek. Waliokuwa wanaishi kandokando yake hawakuwa wenye machinjio. Watoto wadogo ndo walikufa zaidi kwenye mitaa ile, kuhara, surua, kifua.

Mtu akifa au akiumia nani anamsaidia, serikali si haikuwa na bima?

Haikuwa nayo, wakajipanga wenyewe. Walikuwa na vyama ambavyo sisi tungeviita vya kufa na kuzikana, mnachanga senti kadhaa kwa mwezi, ukiugua unapewa kitu, ukifa unazikwa kwa heshima na mjane anaachiwa fungu. Kila kabila la wahamiaji lilikuwa navyo, Wacheki walikuwa na CSPS kilichoanzishwa St. Louis 1854, Wapolandi Wakatoliki walikuwa na umoja wao tangu 1873, na wale walioweka utaifa mbele wakaanzisha wao 1880. Hawa wawili waligombana miaka na miaka, na ugomvi wao ulikuwa mkali kweli, mpaka parokia mbili za jirani zikawa haziivi.

Parokia ya St. Stanislaus Kostka, ya Wapolandi, ilianza 1867 na mwishoni mwa karne ilikuwa miongoni mwa parokia kubwa kabisa Marekani, watu makumi ya maelfu. Ilikuwa shule, ukumbi, kwaya, vyama, mikopo, kila kitu kwa Kipolandi. Kanisa la matofali limejengwa na watu wa dola moja na nusu kwa siku.

Wacheki wao wengi walikuwa wameachana na kanisa. Mwanamke mmoja wa kwao alinyimwa kuzikwa makaburi ya Katoliki kwasababu hakuwa ameungama, jamii ikakasirika, wakachanga wakanunua shamba na 1877 wakafungua makaburi yao wenyewe, Bohemian National Cemetery, na mtu yeyote anazikwa bila kuulizwa imani. Yapo mpaka leo.

Kwanini walikuwa wanakaa sana baa?

Kwasababu baa ilikuwa ofisi. Bia ya senti tano ilikuwa inakuja na chakula cha bure, mkate na soseji, hapo hapo unabadilisha hundi ya mshahara, unasomewa barua, unasikia wapi wanaajiri, na chumba cha nyuma ndo mkutano wa chama unafanyika. Ulevi ulikuwepo na uliumiza familia, sikatai. Lakini mwaka 1855 meya Levi Boone, mtu wa chama kilichochukia wageni, alipopandisha leseni kutoka dola 50 mpaka 300 na kufunga baa Jumapili, ambayo ndo siku pekee ya mapumziko, Wajerumani waliona wazi wanalengwa wao. Waliandamana Aprili 21, jiji likafungua daraja la Clark Street ili wasivuke, ikawa vurugu, mtu mmoja akafa. Boone huyohuyo alikuwa amekataza mtu aliyezaliwa nje kuwa polisi.

Ubaguzi ulikuwa kwa wote sawa?

Hapana, na hili lazima lisemwe wazi. Mwairishi alitukanwa, Mpolandi alitukanwa, lakini walipata uraia, wakapiga kura, watoto wao wakawa polisi na madiwani. Wachina walifungiwa mlango na sheria ya 1882 na waliokuwepo hawakuruhusiwa uraia. Wamarekani Weusi Chicago walikuwa wachache, chini ya asilimia 2 mwaka 1890, na walikuwa raia kabisa, ila viwanda vingi viliwafungulia mlango pale tu wazungu wanapogoma, alafu mgomo ukiisha wanaondolewa, na vyama vya wafanyakazi vyenyewe vingi vilikuwa haviwataki. Wahamiaji waliojifunza Kiingereza walijifunza na hiyo chuki pamoja nacho.

Mei Mosi ina uhusiano na Chicago?

Moja kwa moja. Mei 1, 1886 wafanyakazi nchi nzima waligoma kudai siku ya kazi ya saa nane, na Chicago ndo ilikuwa moto zaidi. Mei 3 polisi walifyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha mashine za kilimo cha McCormick, kuna waliokufa. Kesho yake usiku ukaitishwa mkutano karibu na soko la Haymarket kulalamikia mauaji hayo. Mvua ikaanza, watu wengi wameshaondoka, mara polisi wakaingia kuamuru watawanyike, na mtu akarusha bomu. Polisi saba walikufa, na raia wasiopungua wanne.

Walioshtakiwa ni wanane, wengi wao wazaliwa wa Ujerumani, wahariri na waandaaji wa mikutano. Hakuna ushahidi uliothibitisha nani alirusha bomu, hata leo hajulikani. Walihukumiwa kwa walichosema na kuandika. August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer na George Engel walinyongwa Novemba 11, 1887, Louis Lingg alijiua siku moja kabla. Waliobaki watatu walisamehewa 1893 na gavana John Peter Altgeld, naye mzaliwa wa Ujerumani, akaandika wazi kwamba kesi haikuwa ya haki, na uamuzi huo ulimchafulia siasa zake.

Mwaka 1889 mkutano wa wanasoshalisti Paris uliichagua Mei 1 kuwa siku ya wafanyakazi. Ndo hiyo tunayopumzika Dar na Nairobi. Marekani yenyewe inaadhimisha Septemba.

Hull House ilikuwa nini?

Ilikuwa nyumba ya kuhudumia watu wa mtaa. Jane Addams na Ellen Gates Starr, wanawake wasomi, walihamia humo, mtaa wa Halsted katikati ya wahamiaji, Septemba 1889. Wakaanzisha chekechea, bafu, madarasa, uwanja wa watoto. Kinachonivutia ni kwamba walihesabu. Ramani walizochapisha 1895 zinaonyesha nyumba kwa nyumba mtu katoka taifa gani na familia inapata dola ngapi kwa wiki, mataifa 18 kwenye eneo dogo. Mwaka huohuo Addams akawa mkaguzi wa takataka wa kata, anaamka alfajiri anafuata mikokoteni kuona kama kweli inazoa.

Watoto walipoteza lugha?

Sio haraka kama watu wanavyodhani. Kulikuwa na magazeti ya kila siku ya Kijerumani, Kicheki, Kipolandi, Kinorwe. Mwaka 1889 Illinois ikatunga sheria ya kulazimisha masomo ya msingi yafundishwe Kiingereza hata kwenye shule za makanisa, Wajerumani Walutheri na Wakatoliki ambao huwa hawapatani wakaungana, wakapiga kura kuipinga serikali mpaka ikaanguka, sheria ikafutwa 1893. Lugha ilifia mtaani na kazini, kizazi cha pili na cha tatu.

Wote walibaki?

Hapana. Waitaliano wengi walikuja kutafuta hela ya shamba na kurudi, wengine walikwenda na kurudi mara kadhaa. Wapolandi pia. Waairishi na Wayahudi wa Urusi walirudi kidogo sana, hawakuwa na pa kurudi.

Leo nikienda naona nini?

Machinjio yalifungwa 1971, limebaki lango la mawe. Sehemu ya Hull House ni makumbusho ndani ya chuo kikuu. Kanisa la St. Stanislaus Kostka linasimama, barabara kuu ilipinda kulipisha. Kwenye kiwanja cha mama O'Leary kuna chuo cha zimamoto. Waliozikwa wa Haymarket wako Forest Park, nje kidogo ya jiji, mnara wao uliwekwa 1893 na watu bado wanapeleka maua. Pilsen siku hizi ni mtaa wa Wamexico, nao wengi wao au wazazi wao walikuja kutafuta kazi.